Maganda ya nanasi ya Mama Mwamini

Kindu, Jumamosi, mwezi wa saba, saa nane za mchana. Jua linawaka tangu asubuhi, vumbi la barabara limeingia mpaka kwenye kopo la chumvi, na mimi nina furaha ya kunichekesha peke yangu. Jirani amenichungulia mara mbili juu ya ua. Achungulie tu.

Vidole vinanata kwenye simu. Ni utamu wa nanasi. Nimenawa mara mbili na bado vinanata, basi vinate, siwezi kungoja mpaka jioni ndipo niandike.

Amekunywa.

Mama Mwamini amekunywa! Kopo mbili na nusu, mbele ya macho yangu, kwa mkono wake mwenyewe!

Ngoja nianze mwanzo. Mimi ni mtu wa pupa, na pupa hiyo hiyo njo, au ndiyo kama mnavyosema kwingine, ilitaka kuniharibia juma lote hili.

Kwa wale wanaopita hapa mara ya kwanza: ninaitwa Kapinga, ni mshonaji, asili yetu ni Kasai, lakini nimezaliwa hapa Kindu kwa sababu baba alikuwa fundi wa reli. Mama Mwamini si mama aliyenizaa. Alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, Mwislamu wa hapa hapa Maniema. Nilipokuwa na miaka tisa, wazazi wangu walipanda treni kwenda Katanga kumzika babu. Mimi nilikuwa na mitihani shuleni, kwa hiyo wakaniacha kwake kwa siku kumi. Halafu vita vikakata reli. Treni haikurudi, barua hazikurudi, na zile siku kumi zikawa karibu miaka minne.

Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilipewa nafasi kwenye mkeka wa Sifa, binti yake, ambaye tulilingana umri. Hakuna aliyeniuliza nitaondoka lini. Wazazi wangu waliporudi, wamekonda na wamezeeka, walimkuta binti yao anajua kusonga bugali na kusalimia kwa "asalamu alekum".

Sasa Mama Mwamini amekuwa mzee. Majuma mawili yaliyopita malaria ilimwangusha. Dawa alimeza, homa ikashuka, lakini kiu haikurudi. Mtu asiye na kiu, na jua hili, mimi sijaona! Unamletea maji, analowesha midomo, anageuza uso ukutani. Ile dawa ya maji wanayotoa kituo cha afya, ya chumvi na sukari, anasema inanuka hospitali. Chai hapana. Uji hapana. Ukibana ngozi ya mkono wake inabaki imesimama kama kitambaa kilichopigwa pasi vibaya, na kitambaa mimi nakijua.

Sifa ndiye anayeishi naye. Mimi ninafika asubuhi kabla ya kufungua atelie yangu ya ushonaji, na ninarudi jioni. Tunamnywesha kwa kijiko, kijiko kimoja anapokea, cha pili anakataa.

Jumatano nilikuwa kwenye cherehani, ninapinda mkono wa blauzi ya mtu, ndipo wazo likaja kichwani. Maganda ya nanasi!

Lazima nieleze. Wakati ule wa vita mji ulizungukwa. Kwenda shamba ilikuwa kucheza na kifo. Mtu alitoka kutafuta sombe, majani ya muhogo, na watu wa nyumbani walikaa wakihesabu saa. Lakini nyuma ya nyumba ya Mama Mwamini kulikuwa na mistari mitatu ya mananasi. Nanasi moja likiiva, alilimenya, nyama akaikata vipande na kwenda kuibadilisha na chumvi, maana chumvi ilikuwa imetuishia mji mzima. Maganda yalibaki kwetu. Aliyaosha, akayachemsha na tangawizi, akachuja kwa kitambaa, akakamua ndimu. Sukari ilikuwa hadithi ya zamani, kwa hiyo alitia maji ya muwa kama tuliupata. Mwishoni alichota chumvi kwa ukucha wa kidole kidogo, basi, akakoroga.

Mwaka ule kuhara kulipita nyumba kwa nyumba. Sifa aliugua mpaka macho yakaingia ndani. Mama alimpa maji yale usiku na mchana, kidogo kidogo, na mimi pia, na tukabaki hai. Watoto wa nyumba ya tatu hawakubaki.

Hapa nina jambo la kuungama. Mara moja Sifa alilala, kopo lake likiwa nusu, na mimi nikalimaliza. Nilishamwambia padri. Sifa mwenyewe sijamwambia. Dada, kama unasoma, samahani, lilikuwa tamu mno.

Yeye Mama hakuwa anakunywa na sisi. Tukimwuliza "na wewe, Mama?", mchana alijibu amefunga, jioni alijibu ameshakunywa jikoni. Mimi mtoto wa Kikatoliki nilijua Waislamu wanafunga mwezi mmoja kwa mwaka. Lakini yeye alifunga Jumatatu, akafunga Alhamisi, akafunga na siku nyingine, eti za kulipa. Nilimheshimu sana kwa hilo. Hata nilimwambia Sifa, dini yenu ni ngumu, mimi siiwezi.

Basi Jumatano nikaacha blauzi ya watu na mkono mmoja, nikaenda kununua nanasi.

Na hapa pupa ikaingia. Badala ya kumwuliza Sifa jinsi ilivyokuwa, nilifungua simu nikatafuta. Nikapata video ya mwanamke mmoja anayechekacheka, sijui wa nchi gani. Anaweka maganda mabichi kwenye chupa kubwa, anatia sukari nyingi, anafunika na kitambaa, anasema acha siku mbili. Nikasema, hiyo njo rahisi! Hata moto hauhitajiki. Nikafanya vile vile ndani ya bidoni, dumu la plastiki, nikaweka chini ya meza ya cherehani, pale pana joto zuri.

Joto zuri, kweli. Jana Ijumaa nilipofungua, povu lilinipanda mpaka kwenye kiwiko. Nikaona hiyo ni dalili ya ubora! Nikachuja, nikajaza kopo, nikakatiza mtaa nikiwa nimelishika kwa mikono miwili, ninasalimia watu bila kusimama.

Mama Mwamini alilileta karibu na pua. Akafungua macho yote mawili.

"Kapinga. Mimi nilikulea, na unaniletea pombe? Siku ya Ijumaa?"

Mama yangu weee! Nikaonja. Ilikuwa pombe, wala si ya kitoto. Sifa alikaa chini kwa kicheko, akaniuliza kama nimekuja kumbatiza mama yake. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini niseme ukweli, nilifurahi pia, kwa sababu Mama alikuwa hajasema maneno mengi hivyo tangu juma lianze.

Furaha ile haikudumu. Jioni alifika infirmie, mwuguzi wa kituo cha afya, kijana mpole, anampenda Mama kwa sababu Mama huwa anamwita "dokta". Alibana ngozi ya mkono wake, akatazama ulimi, akauliza kuhusu mkojo. Sifa akajibu: kidogo sana, na rangi ya chai. Infirmie akatutoa nje akasema wazi: anarudi kesho saa sita mchana, na kama hali ni hii hii, anampeleka hospitali kutundikiwa seromu, maji ya mshipani.

Mama alisikia. Masikio yake hayajazeeka. Mume wake alipelekwa kule akatundikiwa seromu na hakurudi na miguu yake, kwa hiyo kwake yeye ile chupa na kifo ni kitu kimoja. Tuliporudi ndani alisema polepole, bila hasira, tukimpeleka tubebe na sanda kabisa, isiwe safari mbili.

Sikulala vizuri. Seromu si adui, hilo ninajua, imeokoa wengi. Lakini mtu akienda kule akiwa ameshaaga, anarudi vipi?

Leo saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mtoni. Mitumbwi ya kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, huvuka mapema na mananasi, na ukichelewa unapata yaliyobonyezwa na kila mtu. Mimi ninachagua kwa kunusa kitako. Mwenye mtumbwi akaniuliza kama ninanunua au ninayabusu. Nikamjibu yote mawili! Nikachukua matano, na tangawizi, na ndimu tatu.

Safari hii niliacha simu mfukoni na nikamwuliza Sifa.

"Mama alikuwa anachemsha," akasema. "Tena ilikuwa ya kunywa siku ile ile. Ikilala, alimwaga."

Alimwaga, wakati wa njaa. Sasa ninaelewa kwa nini.

Tukagawana kazi. Mimi niliosha mananasi kwa brashi na maji mengi, mara mbili, maana maganda yana vijishimo na vijishimo vina mchanga. Nikamenya kwa unene kidogo, nyama ibaki kwenye ganda. Sifa akatwanga tangawizi kwenye kinu na kuwasha mbabula, jiko letu la makaa. Tukaweka maganda ndani ya sufuria, maji yakayafunika, tukachemsha. Harufu ikaanza kutoka. Ilikuwa harufu ya nyumba ile, ya mwaka ule. Nilijikuta ninatafuta mkeka wetu kwa macho.

Umeme haukuwepo, kwa hiyo frigo ilikuwa kabati tu. Tuliitumbukiza sufuria ndani ya beseni la maji ya kisima, tukayabadilisha mara tatu mpaka ikapoa. Tukachuja kwa kitambaa kipya nilichokuwa nimekiweka kwa bitana ya mteja. Ndimu mbili. Sukari kijiko kimoja kidogo. Marakuja nne, yaani pasheni, za kwenye ua wa Sifa, tukakamua na kuchuja mbegu. Hizo wakati wa vita hazikuwepo, lakini nikasema leo tuna haki ya kuongeza. Halafu chumvi. Nikachota kwa kijiko, Sifa akanipiga mkono.

"Kwa ukucha!"

Kwa ukucha, basi. Tukakoroga. Tukaonja kijiko kimoja kimoja.

Njo yenyewe!

Njo yenyewe kabisa! Kwanza tamu, halafu ule ukali wa ndimu unaokufanya ufumbe jicho moja, halafu tangawizi inashuka kifuani, na mwisho kabisa ile chumvi ndogo inayokufanya utake tena. Sifa alipiga kigelegele. Mimi nikapiga changu. Jirani akauliza ng'ambo ya ua ni nani anaolewa.

Hatukunywa zaidi ya kile kijiko. Tuliiacha yote kwa ajili yake.

Ilikuwa saa nne na nusu. Nikajaza kopo la bati, nikaingia chumbani. Tulimwinua Mama na kumkalisha kwenye mito. Nikampa kijiko cha kwanza. Akameza. Nikampa cha pili. Akameza! Nikashindwa kujizuia, nikamwuliza, Mama, unakumbuka?

Akalamba midomo. Akafikiri.

"Hapana. Sikumbuki."

Nikamwambia: ile ya maganda, Mama, ya wakati wa vita, ulikuwa unatupa mimi na Sifa. Akatikisa kichwa. Nilitazamana na Sifa, na ninajua tulifikiri kitu kimoja: kiu imekwenda, sasa na akili inakwenda. Alituchemshia maji yale miaka, na leo hata hayajui mdomoni.

Ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayeelekeza mtoto mzito wa kuelewa:

"Nitaikumbuka namna gani, na sikuionjaka hata siku moja?"

"Lakini ulikuwa unakunywa jikoni," nikasema.

"Jikoni kulikuwa na nini?"

"Na mchana ulikuwa unafunga. Zile funga za sunna, Mama. Na za kulipa."

Akanitazama. Halafu kitu kikaanza kutikisika kifuani mwake, nikaogopa ni kikohozi. Kilikuwa kicheko.

"Sunna! Sunna gani ya mwezi muzima? Kapinga, maganda ya nanasi moja inatoa kopo mbili. Ninyi mulikuwa wawili."

Sifa aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akatazama ukuta. Yeye ni Mwislamu, anazijua siku za kufunga, na hata yeye aliamini. Mimi nilikuwa na kijiko hewani na sikujua nikipeleke wapi. Nililia, kwa nini nifiche, nililia kwa sauti. Miaka yote hii nimewahadithia watu jinsi mama yangu wa Kiislamu alivyokuwa mchamungu, alivyofunga kuliko masheikh. Na yeye alikuwa na kiu. Alikuwa na kiu tu, kama sisi, na alisimama pale akishikilia kitambaa cha kuchujia, akitutazama tunavyolamba kopo.

Na mimi niliyemaliza kopo la Sifa!

Mama alingoja nimalize kulia. Halafu akalichukua kopo kutoka mkononi mwangu, lakini hakunywa. Alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Na ninyi?"

Tulijibu pamoja, mimi na Sifa, bila kupanga:

"Tumeshakunywa jikoni."

Wallahi, siapi ovyo mimi, lakini kicheko kile mtaa mzima ulikisikia. Mama Mwamini alicheka mpaka tukamshika mgongo. Akapangusa macho kwa ncha ya kilemba.

"Uongo ile mimi njo niliianzisha," akasema. "Leta kopo tatu."

Sifa alikimbia. Tukajaza kopo tatu, sawasawa, Mama akihakikisha kwa macho kwamba hakuna lililopungua. Na hakugusa lake mpaka alipoona tumekunywa, tumemeza. Ndipo akainua lake kwa mikono miwili, akanywa bila kijiko, polepole, mpaka chini. Akaligeuza kuona kama limebaki tone.

"Kumbe ilikuwa tamu namna hii," akasema. "Njo maana mulikuwa munapigana."

Akaomba la pili.

Saa sita infirmie alifika na mfuko wake, uso wa kazi. Alimkuta Mama ameketi, ana kopo la tatu mkononi, anamlaumu Sifa kwamba tangawizi imezidi. Akabana ngozi ya mkono, akatazama ulimi, akauliza la mkojo, na Sifa akajibu kwa fahari ambayo sijawahi kuisikia katika neno hilo. Infirmie akacheka. Akasema seromu leo haina kazi hapa, lakini tuendelee, kidogo kidogo, mchana kutwa, na kesho asubuhi anapita tena kumtazama. Mama akamwambia, "Dokta, kaa chini, kunywa." Naye akanywa, akauliza kuna nini ndani. Tukamwambia: maganda. Hakuamini.

Hatujapona moja kwa moja, hilo ninajua. Mzee ni mzee, na kesho anaweza kugeuza uso tena. Lakini leo ninakataa kuogopa. Nina nanasi moja limebaki, na kesho baada ya misa ninashuka mtoni kutafuta mengine. Ile bidoni ya pombe nimeshaimwaga nyuma ya atelie, kuku wa jirani wanatembea upande upande.

Kitu kimoja tu kinanizungusha kichwa tangu saa sita. Ni mangapi mengine niliyoambiwa na nikaamini? Alipokuwa anakula ukoko akasema njo anaopenda. Alipotoa kitenge chake kizuri nikashonewa gauni la Noeli, akasema rangi ile haimpendezi. Je, ninayo nguvu ya kumwuliza moja moja? Na nikimwuliza, atanijibu, au atacheka tu na kuagiza kopo tatu?

Sifa ananiita. Imebaki kidogo kwenye sufuria, na Mama anasema hanywi mpaka nije.

Ninakuja, Mama. Leo katika nyumba hii hakuna aliyefunga.